Foki ya Shemeji

Koki lilikuwa jina la kazi. Ikitokea bomba linadondosha maji, sinki limeziba au choo kimegoma kumeza, watu wa mtaani kwake hawakusema tutafute fundi, walisema "mwiteni Koki". Mwenyewe alilizoea mpaka akawa anajitambulisha nalo mlangoni kwa watu. Alikuwa amevuka arobaini, mfupi, mpana wa mabega, vidole vimejaa makovu ya spana, na mke wake alizoea kusema kwamba ameolewa na mtu mwenye wake wawili: yeye na baiskeli.

Baiskeli ilimpeleka kazini siku sita za wiki, sanduku la vifaa limefungwa nyuma kwa mipira. Jumapili aliliondoa lile sanduku, akavaa kofia ngumu, na kwenda kupanda mlima na kundi lake. Walikuwamo kinyozi, muuza dawa, dereva mmoja mstaafu, na shemeji yake, mdogo wake mke wa Koki, ambaye alikuwa mwalimu wa hesabu. Huyu shemeji alikuwa na kimo kama cha Koki lakini mwembamba kama spoku ya gurudumu, na mdomo wake haukujua likizo. Wawili hao hawakuwahi kusalimiana kama watu wa kawaida.

"Wewe Koki, dada yangu bado hajakutimua?"

"Anitimue, halafu wewe utalala wapi ukifukuzwa kwako?"

Hivyo ndivyo walivyojuliana hali, miaka na miaka. Hata baiskeli zao walizinunua siku moja, kwa muuzaji mmoja wa mitumba, fremu za ukubwa mmoja, ili asije mmoja akasema mwenzake kashinda kwa sababu ya chombo.

Basi siku moja Koki akaingia kwenye shimo lililofunikwa na maji ya mvua, na foki yake ikapinda. Foki ni ile mikono miwili inayolishika gurudumu la mbele. Ikiharibika, hakuna safari. Akaenda duka la vipuri, na shemeji akafuatana naye, kwa kuwa hakuna burudani aliyoipenda kama kumwona Koki akinunua kitu.

Mwenye duka alikuwa mama wa makamo aliyevaa miwani kichwani muda wote na kuitafuta muda wote. Akaweka foki mbili juu ya meza. Moja ya alumini, rangi ya sufuria, nene, haina mvuto wowote. Ya pili ya kaboni, yaani nyuzi zilizogandishwa kwa gundi ngumu, nyeusi, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Koki aliinyanyua hiyo ya pili kwa kidole kimoja, akacheka peke yake.

"Ngoja nikwambie kabla hujaipenda," mama wa duka akasema. "Bei yake ni sawa na ya alumini, na hapo ndipo ninapoingiwa na wasiwasi. Kaboni iliyotengenezwa vizuri sina neno nayo, itaishi kuliko wewe. Lakini kaboni nzuri haiuzwi bei hii. Hii imekuja kwenye boksi lisilo na jina la aliyeitengeneza. Ndani kuna nini, sijui."

"Na hii nyingine?"

"Alumini ni nzito kidogo. Lakini ikichoka itakwambia. Italia, itapinda, utaona ufa. Kaboni ya ovyo haikwambii kitu. Leo nzima, kesho imekatika."

Shemeji, kwa mara ya kwanza, hakutania. "Chukua alumini. Rahisi huwa ghali."

"Wewe si mwalimu wa hesabu? Pima uzito wa hizi mbili unipe jibu."

"Jibu ni kwamba wewe mwenyewe una kitambi. Kipunguze hicho kwanza."

Walicheka wote, hata mama wa duka. Koki akanunua kaboni.

Majuma yaliyofuata alikuwa hashikiki. Alipanda mlima kama aliyefungwa puto. Kila kituo cha kunywa maji aliigeuza baiskeli watu waione foki, akawaambia waibonyeze, wainyanyue, waisikie. Kinyozi alimwambia kwamba yeye hata mtoto wake mchanga hakumsifia kiasi hicho. Shemeji aliomba kuiendesha mara moja, kipande kifupi tu, akarudi kimya, na ukimya wa shemeji ulikuwa sifa kuliko sifa zote. "Mh," alisema. "Mh, Koki." Koki alilala siku hiyo akiwa na furaha ya mtoto.

Kisha likatokea jambo dogo.

Alikuwa kwenye jengo moja la ghorofa akibadilisha mabomba ya zamani. Baiskeli aliiegemeza chini ya ngazi, pale pale alipozoea kuegemeza. Akashusha bomba kuukuu la chuma, refu, limeliwa na kutu, akalisimamisha ukutani ili apumue. Bomba likateleza. Lilishuka polepole, kama mtu mlevi anayetafuta pa kukaa, likaangukia mkono wa kulia wa foki.

Koki alipiga magoti akaikagua. Palikuwa na mkwaruzo mdogo kwenye rangi, si mkubwa kuliko alama ya ukucha. Akaufuta kwa kidole chenye mate. Akamshukuru Mungu, akaendelea na kazi.

Lakini kurudi nyumbani, kwenye mteremko wa sokoni, aliposhika breki alihisi kitu. Hapakuwa na kelele. Angesikia kelele angetulia, maana kelele ni lugha aliyoijua. Gurudumu la mbele lilichelewa tu kidogo, kama mtumishi anayefikiri kwanza kabla ya kutii. Akasimama pembeni. Akatoa sarafu mfukoni, akaugonga mkono wa kushoto wa foki. Ti, ti, ti, sauti kavu, safi. Akaugonga wa kulia. Juu, ti, ti. Alipofika kwenye ule mkwaruzo sauti ikazama: tu, tu. Kama kugonga papai lililooza kwa ndani huku ganda lake bado linapendeza.

Aligonga tena na tena, watu wakapita wakimtazama. Wakati mwingine alisikia tofauti, wakati mwingine akajiambia ni masikio yake tu. Maisha yake yote alishughulika na vitu vinavyosema. Bomba likitaka kupasuka hutoa jasho, huweka doa ukutani, hulalamika maji yakifunguliwa. Hata chuma kilichokufa hulia kabla. Hiki kitu cheusi mbele yake kilikuwa kinang'aa tu, kimenyamaza, na ukimya wake ukamtia baridi mgongoni mchana wa jua kali.

Kesho yake alirudi dukani peke yake akanunua alumini. Mama wa duka hakumcheka. Aliuliza jambo moja tu.

"Ile nyingine iko wapi?"

"Nyumbani."

"Ivunje, kisha uitupe. Usiitupe nzima. Kitu kizuri hivyo hakikosi mwokotaji."

"Nitaivunja," Koki akasema.

Hakuivunja. Aliipeleka stoo akiwa na msumeno mkononi kweli, lakini ilikuwa mpya mno, nzuri mno, na kuikata kulikuwa sawa na kusimama mbele ya kundi zima na kusema: nilidanganyika. Akaitundika ukutani kwenye msumari. Nitaikata wiki ijayo, alijiambia.

Jumapili wakamwona na foki ya alumini, rangi ya sufuria.

"Kulikoni?" shemeji akauliza. "Bwana harusi kavua viatu?"

Koki alikuwa na nafasi ya kusema. Alikuwa na kundi zima linasikiliza, tena wanacheka, na maneno yangepita kwa wepesi. Badala yake akasikia mdomo wake ukisema, "Ile naitunza. Ni ya mashindano. Huwezi kuvaa suti kila siku."

Ukawa uongo mdogo, na kama uongo mdogo ulivyo, ukatoka nje kutafuta kazi.

Siku chache baadaye alitoka kazini, akaingia stoo kuchukua mpira wa kuzibia, na macho yakaenda ukutani. Msumari ulikuwa mtupu.

Mke wake alikuwa anapiga pasi. "Ah, mdogo wangu alipita," akasema bila kuinua kichwa. "Amesema kitu kizuri kama kile unakiacha kinakula vumbi, na wewe huna mashindano yoyote. Nikampa. Alifurahi, ungemwona, karibu anibusu. Au nimekosea, baba watoto?"

Koki alisimama mlangoni. Harufu ya nguo zenye joto ilimjaa puani. Neno lilikuwa pale, juu ya ulimi, limeshaiva. Lakini akimwambia mke wake neno hilo ingebidi aseme na lililotangulia, na lililotangulia hilo.

"Hapana," akasema. "Hujakosea."

Alimpigia shemeji simu. Haikupatikana. Akapiga tena, haikupatikana. Mara ya tatu ikapokelewa, na nyuma yake palisikika mtoto mchanga wa shemeji akilia na sauti ya mama mkwe akimbembeleza mjukuu.

"Shemeji!" sauti ikapasua sikio. "Leo nimekusamehe dhambi zako zote! Nimeshaifunga, imeingia kama ya kwake, si fremu zetu ni moja!"

"Sikiliza. Uliikagua vizuri?"

"Fundi ameikagua. Amesema mpya kabisa."

"Aliigonga?"

"Aigonge kwani ni nazi? Mama, njoo umsikie mkweo. Ameanza kujuta, anataka kuninyang'anya!"

Simu ikabadilisha mkono. "Mkwe wangu," akasema mama mkwe kwa ile sauti yake ya taratibu, "ahsante kwa kumkumbuka mwenzako. Si wengi wanaompa shemeji kitu wanachokipenda. Mungu akuzidishie."

Kumjibu mama mkwe kwamba kitu alichopewa mwanawe kinaweza kumuua, Koki hakuweza. Alisema amina. Akasema, mwambie aende nayo taratibu. Akakata simu, akabaki ameishika.

Jumapili aliamka amekwishaamua. Angefika mapema, angemvuta shemeji pembeni, angesema yote kwa sentensi mbili. Alirudia sentensi hizo njia nzima. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa za nyumba, barabara ina unyevunyevu, na taa za magari zilikuja zikiwa ndogo kisha zikawa kubwa ghafla.

Alikuta kundi limemzunguka shemeji. Foki nyeusi ilikuwa imepakwa mafuta, inang'aa hata kwenye ule ukungu. Shemeji alikuwa anahutubia.

"Mnamwona huyu? Mimi nimemtania miaka yote, lakini leo natamka mbele yenu. Huyu ni ndugu."

Watu wakapiga makofi. Dereva mstaafu akampigapiga Koki mgongoni.

"Shemeji, nina neno na wewe," Koki akasema.

"Neno utaniambia juu. Ukifika!" Akakanyaga pedeli, akaondoka, na kundi likamfuata likipiga kelele.

Koki aliupanda ule mlima nyuma yao. Alikanyaga kwa nguvu zake zote, na kwa nguvu hizo zote aliona mgongo wa shemeji ukizidi kuwa mdogo kwenye ukungu. Kupanda hakuna hatari sana, alijiambia. Wakati wa kupanda, foki haibebi mzigo mkubwa. Nitamkuta juu. Juu wanapumzika siku zote. Mapafu yakamwaka moto, mate yakawa na ladha ya chuma.

Alipofika kileleni, muuza dawa alikuwa amekaa chini anakunywa maji.

"Yuko wapi?"

"Nani, shemeji yako? Ameshateremka. Kasema leo anataka kusikia upepo."

Koki aliigeuza baiskeli akajitupa mteremkoni.

Barabara ile ilikuwa na kona nne mbaya, upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo lenye reli ya chuma inayofika magotini. Koki hakuwa mtu wa kuteremka kwa kasi. Alikuwa na watoto na alipenda meno yake. Siku hiyo hakushika breki. Alumini ilimtetemekea mikononi, ikalalamika kila alipopita juu ya kiraka cha lami, na kila ilipolalamika aliibariki. Baada ya kona ya kwanza akamwona: koti la njano, kichwa kimeinama, viwiko vimekunjwa, mtu mwenye raha zake.

Alimkaribia kwenye mnyooko. Sasa aliweza kuliona gurudumu la mbele la shemeji. Lilikuwa linacheza. Kidogo sana, upande wa kulia, kama jino linalongoja kung'oka.

Akafungua mdomo apige kelele, simama! Kisha akaufunga, maana lilimjia jambo ambalo hakuwa amelifikiria wiki nzima. Shemeji akisikia "simama" atabana breki. Akibana breki ya mbele kwa kasi ile, uzito wote utaangukia kwenye ule mkono uliooza, na hapo ndipo utakapokatika. Kelele yake ndiyo ingemuua.

Wakaingia kona ya pili wakiwa wamefuatana, yule akicheka, huyu akiwa ameuma meno. Gurudumu likalala, likainuka. Foki haikukatika.

"Shemeji!" Koki akaita, akijitahidi sauti iwe ya kawaida. "Usishike breki ya mbele! Ya nyuma tu! Polepole!"

Shemeji aligeuza kichwa nusu. "Umeshindwa miguu, sasa unatumia mdomo!"

"Foki ni mbovu! Nasema kweli!"

"Wivu!" Na akakanyaga zaidi.

Miaka yote ya utani ikasimama katikati yao kama ukuta. Hakuna neno ambalo Koki angelisema na likasikika kuwa si mchezo. Lori la maneno ya kweli lingepita na shemeji angelicheka. Kona ya tatu. Kokoto zilikuwa zimemwagika barabarani, tairi la shemeji likateleza, likapata lami, likadunda. Koki alifumba macho. Alipofumbua, koti la njano bado lilikuwa limesimama.

Akakanyaga mpaka akawa ubavuni mwake, bega kwa bega, upande wa korongo. Alimtazama tu. Shemeji akageuka akiwa na kicheko mdomoni, akauona uso wa Koki. Ulikuwa umelowa machozi mpaka kidevuni, na mdomo umepinda kama wa mtoto.

Kicheko kikazimika.

"Ya nyuma," Koki akanong'ona, kana kwamba foki ingemsikia. "Kidogo kidogo."

Vidole vya shemeji vikaiachia breki ya mbele kimoja kimoja. Breki ya nyuma ikalia. Waliteremka hivyo, wakipungua kasi kwa namna iliyokuwa karibu haivumiliki, wakapita kona ya nne mwendo wa mtu anayetembea, na penye uwanja wa magari mabovu, chini ya mlima, wakasimama.

Shemeji alishuka. Akaunyanyua usukani kiasi cha kiganja, akaliachia gurudumu lidunde chini, kama mtu anayepima kama kiti kinamfaa. Ilitoka sauti moja, ka!, kama kuni kavu, na mkono wa kulia wa foki ukakunjika. Baiskeli ikapiga magoti. Ndani ya lile jeraha, chini ya rangi inayong'aa, palikuwa na nyuzi za kijivu zilizolegea, na katikati yake uwazi.

Wote wawili waliutazama ule uwazi.

"Ulijua?" shemeji akauliza.

"Sikuwa na hakika."

"Koki. Ulijua?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

Koki akasema yote: bomba, sarafu, mama wa duka, msumeno, msumari. Alisema na ule uongo wa mashindano. Shemeji alisikiliza akiwa ameketi kwenye tairi kuukuu, mikono katikati ya magoti.

"Uliponipigia simu," akasema mwishowe, "mama alikuombea dua. Na wewe ukaitikia amina."

Wenzao walipofika, kinyozi akaanza mzaha kuhusu viatu vya bwana harusi, akaziona nyuso, akaumeza. Muuza dawa alikwenda kutafuta gari la kubeba baiskeli. Shemeji alipanda mbele, karibu na dereva wa gari hilo, bila kugeuka.

Mke wa Koki aliambiwa na mdogo wake. Hakupiga kelele. Kwa siku nyingi alimwekea mumewe chakula mezani, akamfulia, akamwitikia, na kila alipomkabidhi mtoto amshike alikuwa anakaa karibu. Siku moja tu alisema, "Mimi ndiye niliyempa kwa mikono yangu. Nilikuuliza kama nimekosea." Hakulirudia tena.

Kundi likaendelea kukutana Jumapili, lakini Koki alianza kupata kazi za Jumapili.

Miezi ilipita. Kisha mke wa shemeji akampigia simu: bomba la jikoni limepasuka, maji yamejaa, na fundi mwingine hapatikani. Koki alikwenda mbio. Alifunga maji, akakata kipande kilichooza, akaunga kipya, akajaribu mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Akafuta sakafu kwa tambara, jambo ambalo hakuwa akilifanya kwa wateja. Mtoto, ambaye sasa alikuwa anatambaa, alikuja mpaka kwenye sanduku la vifaa akashika spana, na Koki akaichukua kutoka mkononi mwake polepole sana.

Mlango ukafunguliwa. Shemeji alikuwa ametoka kazini, chaki kwenye mkono wa shati. Koki akasimama. Alikuwa na neno la utani, alilitayarisha njia nzima, kuhusu walimu wasiojua kufunga koki. Alingoja mwenzake aanze, kama ilivyokuwa desturi yao.

Shemeji akamchukua mtoto, akamweka begani. Alitazama bomba jipya, akatazama sakafu iliyofutwa. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na adabu tu.

"Pole na kazi, fundi," akasema. "Umeshamaliza?"

"Nimemaliza."

"Ahsante sana."

Akasogea pembeni kumpisha, kwa heshima yote, kama anavyopishwa mtu mgeni. Koki akalibeba sanduku lake, akatoka.